Pambizo si pambo: kurasa, majedwali na orodha moja ya Gongoni

Najua kuna wanaongoja sehemu ya pili ya makala yangu juu ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo watu wa fani yangu hulidharau na kuliita kazi ya makarani, nalo ni kupanga pambizo za ukurasa na nafasi za ndani ya jedwali kwenye Microsoft Word, LibreOffice na programu za jamii hiyo.

Nilikaa chuoni miaka minne nikisomea sayansi ya kompyuta na sikumbuki mhadhiri hata mmoja akilitaja neno pambizo. Tulifundishwa namna ya kupanga namba milioni moja kwa haraka, lakini namna ya kuzitoa kwenye karatasi zikiwa kamili, hapana. Na hali kila nirudipo nyumbani Gongoni swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mbona karatasi yangu inakatwa?"

(Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Pambizo ni ile nafasi tupu pembeni mwa ukurasa. Shule ya msingi sisi tuliiita "majini", na mwalimu akisema "pigeni majini" tulichukua rula na kalamu nyekundu bila kucheka, ingawa kwa mtoto wa pwani neno hilo lina maana nyingine mbili, moja ya kuogelea na nyingine ya kukimbia. Safu nitaita zile zinazoshuka chini, na mistari zile zinazolala.)

Kwa asiyeijua Gongoni: ukitoka Malindi kuelekea Garsen unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, halafu unafika kwetu. Uko eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Ni mji wa chumvi. Kati yetu na bahari kuna mabwawa ya kukaushia maji ya chumvi, na ukiyaangalia kwenye picha za setilaiti utadhani mtu kachora jedwali juu ya ardhi. Ni mahali pia ambapo watu wanajua uzito wa orodha. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, KNCHR, ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, na malalamiko ya ardhi yalikuwa sehemu kubwa ya yaliyosikizwa. Hapa kwetu mtu akiambiwa jina lake halionekani kwenye karatasi, hacheki.

Sasa kisa chenyewe. Kamati ya wazazi ilikuwa imeandaa orodha ya watoto 47 wa sekondari wanaoombewa basari. Katibu ni mwalimu mstaafu, mtu mwangalifu sana, ambaye hata risiti ya unga anaiweka kwenye bahasha. Aliichapa orodha mwenyewe kwenye laptopu yake: safu tisa, kuanzia nambari na jina hadi karo inayodaiwa. Akaituma kwa WhatsApp kwa wanakamati, kila mmoja akaifungua kwenye simu, akaikubali. Kisha ikaenda kwa barua pepe kwenye ofisi moja mjini, ambako karani aliiprinti.

Siku mbili baadaye simu ikapigwa. Orodha imekataliwa, iletwe upya kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kiasi cha karo hakisomeki. Mtoto anayedaiwa shilingi 18,450 kwenye karatasi alionekana anadaiwa "18,4". Nambari za simu za wazazi zilivunjika, tarakimu tisa juu na moja chini. Na karatasi ya mwisho ilikuwa tupu kabisa isipokuwa mstari wa sahihi na mahali pa mhuri.

Mwalimu akasema printa ya ofisi ni mbovu. Karani akasema faili limekuja hivyo. Kibaya zaidi ni mnong'ono ulioanza kati ya wazazi: kwa nini safu iliyoharibika ni ile ya pesa tu? Wenye watoto waliokuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hawakuwa na subira ya kusikiliza habari za printa.

Mwalimu alinijia nyumbani na laptopu kwapani. "Kijana wangu," akasema, "wewe umesomea vitu hivi. Niambie, kati yangu na ile printa, mwongo ni nani?"

Nikamwambia, "Hakuna mwongo, Mwalimu. Karatasi ndizo mbili."

Wengi hawalijui hili, na ndilo chanzo cha nusu ya kesi ninazoletewa. Karatasi tunayonunua madukani Kenya ni A4, upana sentimita 21 na urefu sentimita 29.7. Marekani na Kanada hutumia karatasi nyingine, Letter, yenye upana wa inchi 8.5 na urefu wa inchi 11, yaani sentimita 21.59 kwa 27.94. A4 ilitokana na kipimo cha Kijerumani cha mwaka 1922, na mwaka 1975 kikawa kipimo cha kimataifa, ISO 216. Uzuri wake ni kwamba ukiikata katikati unapata A5 yenye umbo lile lile, ndiyo maana fotokopi ya kupunguza haiachi nafasi za ajabu. Wamarekani hawakujiunga. Na kwa kuwa programu nyingi zimetoka kwao, kompyuta ambayo haijaambiwa iko nchi gani mara nyingi hujifikiria iko huko. Laptopu ya Mwalimu ni ya mitumba. Imefika Gongoni, lakini mipangilio yake ya nchi ilikuwa bado Marekani.

Nilimwonyesha kwa njia ambayo nawashauri nanyi mjaribu. Faili la .docx si kitu cha siri. Ni furushi la zip lenye mafaili ya maandishi ndani. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, lifungue, nenda kwenye folda ya word, ufungue faili la document.xml. Karibu na mwisho utaona kitu kama hiki:

w:pgSz w:w="12240" w:h="15840"

Namba hizo hazina uchawi. Word hupima kwa kipimo kidogo kiitwacho twipu, ambapo inchi moja ni twipu 1,440 na sentimita moja ni kama 567. Gawanya 12,240 kwa 1,440 upate 8.5. Hiyo ni Letter. Ingekuwa A4 ungeona 11906 na 16838. Mwalimu alichukua kikokotoo chake cha zamani akagawanya mwenyewe, kisha akaniangalia kama mtu aliyeonyeshwa cheti cha kuzaliwa chenye jina la mtu mwingine.

Tofauti ya upana ni milimita 6 tu. Milimita 6 zawezaje kula pesa za mtoto?

Hapo ndipo pambizo zinapoingia. Mwalimu alipoona safu hazitoshi alichagua pambizo nyembamba, inchi nusu kila upande, yaani sentimita 1.27. Halafu akavuta jedwali kwa kipanya hadi likawa na upana wa sentimita 20. Word ina tabia moja ambayo mimi naiona mbaya: maandishi ya kawaida yakifika kwenye pambizo yanarudi mstari wa chini, lakini jedwali likivutwa linapita juu ya pambizo, na Word hainyamazishi wala haipigi kelele. Inakuacha tu. Kwa hiyo ukingo wa jedwali ulikuwa sentimita 21.27 kutoka kushoto. Kwenye Letter bado uko ndani ya karatasi. Kwenye A4 umekwisha kutoka nje.

Ongeza na hili: printa nyingi haziwezi kuweka wino hadi ukingoni kabisa. Kuna ukanda wa milimita kama 4, mashine nyingine zaidi, ambao haziufikii kwa sababu ndipo zinaposhikia karatasi. Hivyo kwenye A4 wino unaishia sentimita 20.6. Tarakimu za karo zilikuwa zimesogezwa kulia, zikiishia sentimita 21.08. Tofauti ni karibu milimita 5, na tarakimu moja ya Calibri ya ukubwa wa 11 ina upana wa karibu milimita 2. Hesabu mwenyewe: tarakimu mbili zimekwenda na maji. 18,450 imekuwa 18,4.

(Mtu ataniuliza, je, Word si hupunguza ukurasa wa Letter utoshe A4? Naam, ina uwezo huo, na ukiprinti kutoka Word yenyewe mara nyingi utaokoka. Lakini faili likigeuzwa PDF kisha likaprintiwa kwa ukubwa wake halisi, msaada huo haupo. Ndivyo ilivyokuwa.)

Kwa nini basi wanakamati hawakuona kitu? Kwa sababu waliangalia kwenye simu. Word ya simu ina mwonekano wa simu, ambao unapanga maandishi upya yatoshee kioo. Katika mwonekano huo karatasi haipo, kwa hiyo hakuna kinachokatwa. Watu saba walihakiki ukurasa ambao hakuna aliyeuona. Hata kwenye kompyuta, mtu akiwa katika mwonekano wa wavuti hali ni hiyo hiyo. Mimi siku hizi mtu akiniambia "nimeiangalia iko sawa", namuuliza ameiangalia juu ya karatasi gani.

Tulianza upya. Jambo la kwanza, kabla ya kugusa jedwali, ni ukubwa wa karatasi: kichupo cha "Layout", kisha "Size", A4. La pili, ukurasa ulale, kwa maana safu tisa kwenye ukurasa uliosimama ni kujitesa. La tatu, pambizo sentimita 2 pande zote.

Mwalimu akalalamika kwamba nampotezea nafasi. Nikamuuliza, "Karani akiipokea anaifanyia nini?" Akajibu, "Anaitoboa, anaitia kwenye faili." Basi. Mashine ya kutoboa ya kawaida inafuata kipimo cha ISO 838: matundu mawili yaliyoachana milimita 80, kila moja lina kipenyo cha milimita 6, na kitovu chake kiko milimita 12 kutoka ukingoni. Yaani tundu linaingia hadi milimita 15. Ukiacha pambizo ya sentimita 1.27 upande wa kufungia, tundu linapita kwenye jina la mtu. Mama zetu wanalijua jambo hili bila ISO. Leso ina mji, ina jina, na ina pindo kuzunguka, na fundi anaposhona anakunja kwenye pindo. Hakuna fundi anayekunja katikati ya mji. Mwalimu alicheka, lakini sentimita 2 zikabaki.

Ukurasa ukilala una sentimita 29.7. Toa 4, zinabaki 25.7. Hapo nilimzuia Mwalimu asishike kipanya. Upana wa safu haupimwi kwa jicho, unapimwa kwa kile kitakachokaa ndani. Nambari ya simu ina tarakimu kumi, kwa hiyo inahitaji karibu sentimita 2. Lakini kila kisanduku kina pambizo yake ya ndani, ambayo Word huiweka sentimita 0.19 kushoto na 0.19 kulia. Ndiyo iliyomponza: safu yake ilikuwa na sentimita 2.2, akadhani inatosha, kumbe nafasi halisi ilikuwa 1.82, na tarakimu ya kumi ikakosa kiti. Safari hii simu tuliipa 2.8, kitambulisho cha mzazi 2.6, na jina 6 nzima, kwa sababu majina matatu ya Kigiriama yanataka uwanja. Nambari ya mstari sentimita 1, kijiji 3, shule 4.3, nambari ya usajili 2.2, kidato 1.6, karo 2.2. Jumlisha: 25.7 kamili. Kisha tukafunga upana huo, kwenye "Table Properties", sehemu ya "Options", kwa kuondoa alama inayoruhusu visanduku kujinyoosha vyenyewe.

Hapo hapo pana mipangilio miwili inayochanganya watu, nayo nitaieleza kwa mabwawa ya chumvi. Kati ya bwawa na bwawa kuna tuta. Upana wa tuta ni nafasi kati ya visanduku, na kwa orodha ya kawaida uache sifuri, la sivyo utapata mistari miwili miwili kama ukurasa wa wavuti wa zamani. Kitu kingine ni umbali wa maji kutoka kwenye tuta, ndani ya bwawa lenyewe. Hiyo ndiyo pambizo ya kisanduku. Hii ndiyo ya kuchezea. Juu na chini Word huiweka sifuri, na maandishi yanagusa mistari. Tuliweka sentimita 0.05 juu na 0.05 chini.

Ni kidogo? Subiri hesabu. Jedwali la Mwalimu lilikuwa na mistari minene kwa sababu nyingine: kila aya ilibeba nafasi ya pointi 8 baada yake, ambayo ni kawaida ya Word tangu toleo la 2013. Nafasi hiyo inafaa barua. Ndani ya jedwali inafanya kila mstari uwe na kimo cha karibu milimita 8, hivyo ukurasa uliolala unabeba mistari kama 21, na watoto 47 wanataka karatasi tatu. Tukaiweka sifuri, na nafasi ya mistari tukaifanya moja. Kimo kikashuka hadi milimita 4.7, na kwa zile pambizo ndogo za juu na chini kikawa 5.7. Mistari kama 29 kwa ukurasa, karatasi mbili. Nakala tano kwa shilingi kumi kila ukurasa, mjue ni shilingi hamsini zimebaki mfukoni. Ningeweza kubana zaidi, lakini mwenyekiti wa kamati ni mama wa makamo anayesoma kwa kuweka rula chini ya kila jina. Rula inataka njia.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo yalichukua dakika moja na ambayo naona ni makubwa kuliko yote. La kwanza, tulichagua mstari wa vichwa na kuuambia ujirudie kila ukurasa, kisha tukakataza mstari wowote kugawanyika kati ya kurasa mbili. Bila hivyo, karatasi ya pili ni namba tupu zisizojulikana ni za nini, na mtoto anaweza kuwa na jina karatasi ya kwanza na ukoo karatasi ya pili.

La pili ni ile karatasi iliyobeba sahihi na mhuri peke yake. Mwalimu alikuwa amesukuma sehemu ya sahihi chini kwa kubonyeza Enter mara nyingi, na kwenye kompyuta ya ofisi ikaangukia ukurasa wake wenyewe. Yeye aliona ni kasoro ya urembo. Karani aliona kitu kingine, na katika hili nilimtetea karani: karatasi yenye mhuri na sahihi bila jina hata moja inaweza kubandikwa nyuma ya orodha yoyote duniani. Nilipomweleza hivyo Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo hata mimi ningeikataa." Dawa yake ni kufuta zile Enter zote, kuchagua mistari mitatu ya mwisho ya jedwali, kwenda kwenye mipangilio ya aya na kuweka alama ya "Keep with next". Kuanzia hapo sahihi haiwezi kuhama bila kufuatana na majina. Ikienda ukurasa mwingine, inakwenda na watoto watatu.

Tuliprinti nakala moja saiba, tukaipima kwa rula, kisha tukaihifadhi kama PDF ya A4. Alhamisi Mwalimu na mwenyekiti walipanda matatu wakaipeleka kwa mkono, na barua pepe pia ikatumwa. Ilipokelewa. Lakini kabla ya kuondoka mwenyekiti alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: aliwaita wazazi, akaisoma safu ya karo yote kwa sauti, jina baada ya jina, hadi la 47, na kila mzazi akaitikia kiasi chake. Mnong'ono uliishia hapo.

Kiolezo nimekiacha kwenye kompyuta ya saiba karibu na stendi, na kijana wa pale amekwisha kukitumia kwa orodha ya michango ya matanga. Jana kanipigia simu kwamba ameongeza safu ya kumi yenye sentimita 2.2 na jedwali limefika 27.9, je, apunguze pambizo? Nimemwambia aziache, apunguze safu ya shule, maana matangani haina kazi.